Sakafu Iligoma Kukauka, Nikamlaumu Wifi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, maana jambo lenyewe limeanzia kwenye sakafu, naam, sakafu ya saruji ya chumba cha kuwekea gari, na kila nikijaribu kumweleza mtu naanza nikiwa mzima lakini nikifika katikati nalia, na mtu ananitazama akidhani nimefiwa.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti vitatu, na mwaka huu ni wa kumi na nne tangu niolewe. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mpaka leo mtaani wanamwita Dereva, ingawa tangu mwaka juzi alipoanguka kutoka juu ya mzigo akifunga turubai hajashika usukani tena, anatembelea kiti cha magurudumu. Gari letu dogo tuliliuza, chumba chake kikabaki kitupu. Sasa Dereva mikono yake haikuumia na akili yake haikuumia, akajifunza kutengeneza feni, pasi na redio, akasema atafungua karakana mle mle kwenye chumba cha gari, asikae sebuleni kama pambo. Mimi nilifurahi mpaka nikaimba. Tatizo likawa sakafu, kwa sababu ni saruji ya zamani inayotoa unga, unafagia asubuhi na jioni unaandika jina lako kwa kidole, vumbi linaingia kwenye redio alizozifungua, linaingia kifuani mwake anakohoa, na katikati kuna doa la oili la miaka yote ya lile gari, magurudumu yake yanalikanyaga na kulileta mpaka chumbani kwetu.

Mteja wangu mmoja akanionyesha kwenye simu sakafu ya kwao iliyopakwa epoksi, ile rangi nzito inayoganda ikawa ngumu na laini kama sahani, ukimwaga kitu unafuta kwa kitambaa. Nikarudi nyumbani nimeshaamua. Dereva akasema tutafute fundi. Nikamwambia, "Kila siku nachanganya rangi ya nywele na dawa yake vichwani mwa watu walio hai, sijawahi kumtoa mtu nywele. Sakafu isiyoweza hata kulalamika itanishinda?"

Akacheka, halafu akasema, "Basi na mimi unipe kazi."

"Wewe utanifungulia makopo na kunipa," nikamwambia, na nilisema vile kama unavyomwambia mtu akushikie mkoba.

Wifi yangu, dada mkubwa wa Dereva, ana duka la vifaa vya ujenzi. Nikueleze wifi ni nani, Mshauri, maana yeye ndiye anayenikosesha usingizi. Mama yao alipofariki Dereva alikuwa na miaka sita, yule dada ndiye aliyemlea. Dereva alipoanguka wifi alifunga duka wiki mbili akaja kukaa nasi, akanifundisha namna ya kumnyanyua mtu mzito bila kuvunja mgongo, na hajanisimanga hata siku moja kwa lolote. Ndiye aliyetupa rangi, seti tatu, na kila seti ni kopo kubwa la rangi na kopo dogo la dawa ya kuigandisha, mafundi wanaiita hadina, bila hiyo rangi haikauki hata ukiisubiri mwaka. Akanikalisha kwenye mfuko wa saruji akanieleza hatua zote, akanirudisha nyuma kila nilipojifanya nimeelewa.

Na nilizifuata. Doa la oili nililisugua kwa sabuni ya kukata grisi na brashi ya waya mara tatu mpaka maji niliyomwagia yakanywewa na saruji badala ya kuviringika juu yake. Nikakodi mashine ya kusugua sakafu ili iwe na ukwaruzo rangi ipate pa kushika, mashine inanivuta kama ng'ombe aliyeona majani, Dereva yuko nje amejifunga kitambaa puani anapiga kelele, "Kushoto umeacha! Kushoto kwako, mama, si kwangu!" Nikaziba nyufa. Nikabandika karatasi ya nailoni chini usiku kucha kama wifi alivyosema, kuangalia kama saruji ina unyevu, asubuhi nikaibandua, pakavu. Nakueleza yote haya ujue kwamba sikuwa mzembe, au labda najieleza mwenyewe, sijui.

Jumapili asubuhi tukaanza. Inaanziwa ukuta wa nyuma unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Dereva alikaa mlangoni, amelaza ubao juu ya mikono ya kiti chake, makopo yamepangwa, bisibisi mkononi, anafungua kubwa ananipa, anafungua dogo ananipa, mimi nachanganya ndooni kwa drili napaka kwa rola. Seti ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Rangi ile haisubiri, ikishachanganywa ndoo inaanza kupata joto na rangi inakuwa nzito mkononi, kwa hiyo mtu unakimbizana nayo. Seti ya tatu nimeshamimina kopo kubwa, akaja mtu na redio yake getini anataka kuingia, Dereva akageuza kiti akaenda kumzuia, akarudi, nikakoroga, nikapaka, nikatoka. Tukasimama, yaani mimi nilisimama, tukaitazama inang'aa. Akanishika mkono uliojaa rangi, akasema, "Umeweza."

Kesho yake sehemu ya nyuma ilikuwa ngumu kama sahani kweli. Ya mlangoni ilikuwa inanata kama asali. Siku ya pili inanata. Ya tatu inanata. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, maana ni mkono mmoja, rangi moja, siku moja. Mpaka-rangi wa mtaa wa pili akaja akachuchumaa akasema ni unyevu unatoka ardhini. Mwenzangu wa saluni akasema ni oili, ingawa doa lilikuwa katikati. Mama yangu kwenye simu akasema ni kijicho cha watu. Dereva nilipomuuliza alisema, "Tuipe muda," tena bila kunitazama, nikadhani ana huzuni.

Siku ya sita nikiwa kazini Dereva alitaka kufika sehemu ya nyuma iliyokauka akapange meza yake. Akapitia mlangoni. Magurudumu madogo ya mbele yakashikwa na ile rangi, kiti kikasimama, yeye akaendelea. Aliangukia mkono, kifundo kikateguka, ngozi ya kiwiko ikabaki kwenye rangi. Nilimkuta amejivuta mpaka ukutani ameegemea, ananiambia eti alikuwa anapumzika.

Mshauri, sikumbuki nilivyofika dukani kwa wifi. Duka lilikuwa limejaa watu. Nilimwambia umemuuzia mdogo wako rangi iliyooza, umemwangusha mara ya pili, na nikaendelea, mengine siwezi kuyaandika. Mafundi wanaonunua kwake kila siku wote wako pale wanasikiliza. Nilidhani atanirudishia matusi. Aliweka chini misumari aliyokuwa akipima, akasema, "Nisamehe, wifi. Labda bati la stoo linachemsha sana, zimeharibika sikujua." Jioni ile ile akaziondoa rangi zote za aina ile kwenye rafu. Halafu akagombana na aliyemletea mzigo, mtu waliyefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, akamwambia asirudi tena. Na tangu siku ile mafundi wawili wakubwa wamehamia duka jingine, nimesikia kwa wateja wangu.

Sasa sikiliza. Wiki tatu baadaye nilikuwa natafuta bisibisi ndogo ya kufungulia kikaushio cha nywele. Nikavuta droo ya chini ya kabati la vifaa la Dereva, na nyuma kabisa kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye fulana yake ya zamani. Nikafungua. Kopo dogo la hadina, zima, halijafunguliwa.

Nilikaa chini. Kumbe seti ya tatu niliipaka rangi tupu! Mimi, msusi, ninayewafokea wasichana wa saluni kwa kusahau dawa ya rangi! Rangi ya wifi haikuwa na kasoro hata chembe. Lakini kilichonichanganya zaidi si hicho, ni fulana. Kopo halikuanguka nyuma ya droo, limefungwa, limefichwa. Kwa hiyo yeye anajua. Alijua nilipompigia dada yake kelele, alijua dada yake alipomfukuza mleta mzigo wake, na anakula nami, anacheka nami, na juzi nilipomtaja wifi alisema, "Mwache dada, kila mtu hukosea," akaomba chumvi. Nikajiuliza, ananilinda nisiaibike? Au amelihifadhi ili siku tukigombana alitoe? Au kuna jambo kati yake na dada yake ambalo silijui, anafurahi akilaumiwa? Mtu niliyelala naye miaka kumi na nne, nimemtazama usoni nikashindwa kumsoma.

Nililirudisha kopo kwenye fulana vile vile. Leo siku ya nane. Na sasa wifi amepiga simu, Jumamosi ijayo anakuja na fundi wake na rangi mpya, atatutengenezea sakafu yote bure, anasema moyo wake hautulii. Nikinyamaza, anakuja kulipia kosa langu kwa jasho lake. Nikisema, najiaibisha mimi na mume wangu pamoja, na wifi ndiye ndugu yake wa pekee. Nikimuuliza Dereva, ataniambia nini, na je nikilisikia jibu nisilolitaka? Naomba unielekeze, maana mimi nimefika mahali natia sukari kwenye mboga.

Msusi wa viti vitatu

MSHAURI ANAJIBU

Dada msusi, nilikujibu kwanza kwa ujumbe wa simu kwa sababu Jumamosi haisubiri gazeti. Haya ndiyo niliyokuandikia, sijapunguza neno.

Sikukucheka. Nilicheka mahali pamoja tu, kwenye kijicho cha mama yako, na hapo nilikuwa namcheka mama yako.

Nianze na sakafu kwa sababu ndiyo rahisi. Mimi si fundi, nilimpigia mtu aliyepaka sakafu za karakana nusu ya maisha yake. Nilipomsomea barua yako hakusubiri nimalize. "Huyo mama amesahau hadina," akasema, kabla sijafika kwenye kabati. Anasema usije ukashawishika kuimwaga ile hadina juu ya rangi inayonata ukidhani itajirekebisha, haitachanganyika, utapata uchafu juu ya uchafu. Yote inayonata ikwanguliwe mpaka saruji ionekane, ifutwe kwa kiyeyusha rangi, milango ikiwa wazi na mikono ndani ya glavu, kisha isuguliwe kwa msasa pamoja na ukingo wa ile iliyokauka ili mpya ishikane na ya zamani. Halafu ndipo upake upya, kopo kubwa na kopo dogo, yote yafunguliwe mbele ya macho yako kabla drili haijashika moto. Na mtu asipite juu yake mpaka siku zilizoandikwa kwenye kopo ziishe, wewe, yeye, wala paka. Sehemu ya nyuma iacheni, imekaa vizuri. Fundi anasema kwa mtu wa mara ya kwanza umefanya kazi ya kupongezwa, na yeye si mtu wa kupongeza.

Umepata pongezi, sasa pokea na la kuuma.

Umeniuliza kama mume wako anakulinda, anakuwekea fimbo, au ana kinyongo na dada yake. Umeniuliza mimi, nisiyemjua hata sura, na mwenye jibu yuko hatua sita kutoka jikoni kwako. Siku nane! Unafungua droo, unaona, unafunga, unarudi kusonga ugomvi kichwani peke yako, halafu unamshangaa yeye kwa kunyamaza. Ninyi wawili mnafanana kuliko mnavyojua. Yeye amelificha kopo kwenye fulana, nawe umelificha pale pale, kwenye fulana ile ile.

Barua yako nimeisoma mara nne, dada. Umejishtaki mwenyewe tangu ulipoliona kopo, ni mimi, ni mimi, msusi mzima. Hujasimama hata kidogo ukajiuliza kazi ya makopo ilikuwa ya nani. Umeandika kwa mkono wako kwamba alikuomba umpe kazi. Ukampa ya kufungua makopo, tena, kwa maneno yako, kama unavyompa mtu mkoba akushikie. Mwanamume aliyekuwa akivuka mipaka na tani thelathini nyuma yake. Akaipokea, akaweka ubao, akapanga, akaifanya vizuri mara mbili. Mara ya tatu akaitwa getini. Jioni makopo yakakusanywa, nadhani si na wewe uliyekuwa umechoka. Sasa niambie, aliyeliona lile kopo zima kati ya matupu, unadhani alisema moyoni "mke wangu amekosea"? Mimi nadhani alisema "hata hii nimeshindwa." Siapi. Naweza kuwa nimekosea, mimi nasoma karatasi tu. Lakini kabla ya kumtilia mtu ubaya, jaribu kwanza kumtilia aibu. Watu wengi wanaotufichia mambo wanatuficha aibu yao, hawatufichi hila.

Hilo halimsafishi, na nisieleweke vibaya. Kunyamaza siku ya kwanza ni aibu. Kunyamaza dada aliyemlea akifokewa hadharani na kupoteza wateja, hilo ni kosa, na kiti cha magurudumu si leseni. Usije ukambembeleza hapo kwa sababu unamwonea huruma. Mwambie kama ungemwambia alipokuwa na miguu miwili barabarani.

Na wewe je? Hukuuliza. Hukuhesabu. Mpaka-rangi alisema unyevu, mwenzako alisema oili, na hakuna aliyekuambia ukahesabu makopo, kwa hiyo ukachukua hasira zako ukazipeleka kwa mtu pekee uliyejua hatakujibu. Ungemfokea hivyo mtu mwingine angekutoa dukani kwa ufagio. Ulimfokea mtu anayekupenda kwa sababu ni salama.

Fanya hivi. Leo, si kesho, kabla hamjala, toa kopo kwenye fulana, liweke mezani katikati yenu, ukae. Usihutubie. Sema, "Nililiona siku nane zilizopita nikaogopa kukuuliza. Niambie." Kisha funga mdomo mpaka amalize, hata akinyamaza kwa muda mrefu, usimsaidie maneno. Ukishasikia, mtakwenda kwa wifi wote wawili, kabla ya Jumamosi, kabla hajapakia ndoo moja kwenye gari. Si kwa simu. Na si nyumbani kwake jioni kwa sauti ya chini. Mtakwenda dukani, duka likiwa na watu, kwa sababu pale ndipo ulipomvua nguo. Kosa la uwanjani haliombewi radhi uvunguni. Mtasema kopo lilikutwa wapi na nani alisahau nini, mtataja na yule mleta mzigo, na mtampigia wenyewe huyo mtu kumwambia ukweli. Msimwombe awasamehe hapo hapo. Anaweza kukataa, ana haki. Anaweza kuwatazama akaendelea na misumari yake. Mtasimama mpaka awaambie muondoke.

Na sakafu mtaikwangua wenyewe, kwa mikono yenu minne. Asije fundi wa mtu.

Sukari iache kwenye chai. Nenda.

MSUSI ALIANDIKA TENA

Barua hii ya pili imechapwa kwa idhini yake na ya mumewe.

Mshauri, nililiweka kopo mezani kama ulivyosema. Dereva alilitazama akaweka kijiko chini. Nilitamani kuinuka nikaoshe kitu, nikajizuia. Halafu akasema, "Nililiona jioni ile ile, nikikusanya makopo. Nilikuwa na kazi moja. Moja tu."

Nikamwambia aliyekoroga ni mimi. Akasema, "Ulikoroga ulichopewa." Nikamuuliza mbona hukusema niliporudi kutoka kwa dada, umesikia nimemtukana. Akasema alikuwa amejiandaa kusema, maneno yamo mdomoni, lakini niliingia nikiwa bado nafoka kwa ajili yake, na tangu aanguke hakuwahi kuona mtu amempigania vile, kila mtu anamwonea huruma tu, akaona akilitoa kopo, kule kupiganiwa kutaisha. "Nikasema kesho," akaniambia. "Kesho ikawa ngumu kuliko leo, na kesho kutwa ikawa haiwezekani." Sikumbembeleza. Nilimwambia amemwachia dada yake abebe peke yake mzigo ambao ni wetu, na hapo alilia, nami nikalia, chakula kikapoa.

Alhamisi tulikwenda. Duka la wifi lina mlango wa mbao wa mabawa mawili na bawa moja limepigwa komeo miaka yote, kiti cha Dereva hakipiti. Kwa hiyo alisemea nje, barazani, kwa ile sauti yake ya zamani ya kuita utingo, na ndani kulikuwa na watu saba, yule mpaka-rangi wa mtaa wa pili akiwemo. Alisema yote. Mimi nilisimama karibu na mizani nikasema ya kwangu. Mtu mmoja alianza kucheka, mpaka-rangi akamgusa bega akaacha.

Wifi hakuinua macho. Alipomaliza kufunga bomba la mteja aliyekuwa mbele yake, akasema, "Nimewasikia. Nani anafuata?"

Akahudumia mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulibaki pale pale, mimi ndani, Dereva nje juani. Dereva alimpigia mleta mzigo palepale barazani, akamweleza, na huyo mtu alikata simu katikati, kwa hiyo hilo bado halijaisha, tutakwenda kwake. Wifi alikuwa anasikia kila neno. Nilidhani atatuambia tuondoke.

Baada ya muda akachukua nyundo rafuni, akapita mbele yangu bila kunitazama, akainama kwenye lile bawa la mlango lililofungwa, akaligonga komeo lenye kutu kutoka chini, mara ya kwanza, mara ya pili, likatoka. Akalisukuma bawa mpaka ukutani likapiga kelele.

"Ingia ndani," akamwambia mdogo wake. "Unawazibia wateja njia."